Blanketi la Ng'ambo ya Athi

Jumamosi, tarehe kumi na tatu Julai, mwaka wa elfu mbili ishirini na nne, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mji wa Kibwezi ulikuwa na baridi. Mawingu yalikuwa yameshuka hadi karibu na mabati, na manyunyu yaliyoanza jioni ya jana yake yalikuwa hayajakoma.

Wasikilizaji wapendwa, saa hiyo mama mmoja wa miaka hamsini na saba alisimama mbele ya meza ya ukaguzi, akafungua begi lake la mgongoni, akatoa blanketi. Halikuwa shuka wala leso. Lilikuwa blanketi zito la sufu, la kijivu, lenye mistari miwili myekundu. Blanketi la kitandani. Na lilikuwa limelowa.

Mama huyo ni Mbinya wa Ndeti, mkulima wa Kibwezi, mjane wa mwalimu Ndeti. Asubuhi hiyo alikuwa anakwenda kukimbia mbio zake za kwanza maishani. Tulimzika Ijumaa iliyopita. Jioni hii tunamkumbuka, na naomba mnivumilie nikisema polepole. Mwaka huu tumezika sana.

Mbio zenyewe zilikuwa ndefu kuliko marathoni. Hazikimbiwi barabarani. Zilianzia Kibwezi, upande wa Makueni, zikafuata vijia vya mbuzi na vya wachota maji hadi daraja la mto Athi, zikapanda uwanda wa Yatta, zikashuka upande wa pili hadi Ikutha, upande wa Kitui. Kilomita hamsini na tano za mawe, mchanga na miiba. Mkimbiaji hubeba kila kitu mgongoni mwake. Ndiyo maana kuna meza ya ukaguzi.

Kwenye meza hiyo alikuwepo kijana anayeitwa Ben. Kazi yake ilikuwa moja: kuhakikisha kwamba kila mkimbiaji amebeba vitu vya lazima. Maji lita mbili. Filimbi. Tochi. Bendeji. Kikombe. Na blanketi la dharura, yaani ile karatasi nyembamba inayong'aa, ambayo mtu aliyezidiwa na baridi hujifunika nayo.

"Mama, blanketi ya dharura iko wapi?" Ben aliuliza.

"Si hii?"

"Hiyo ni ya kulala, mama. Nataka ile ya kung'aa."

"Ile ya kufunga chapati?"

Waliokuwa kwenye foleni walicheka. Ben hakucheka, nami namheshimu kwa hilo. Kanuni huwekwa ili ifuatwe, na haiulizi umri wa mtu wala huzuni yake. Aliyemwokoa ni Njogu, kiongozi wa kikundi cha wakimbiaji wa Kibwezi, ambaye alitoa karatasi ya pili mfukoni mwake na kuiweka mezani. Alikuwa amekuja nayo makusudi.

"Sawa," Ben alisema. "Sasa hii nyingine acha hapa. Tutakuwekea. Huwezi kukimbia nayo."

Mbinya alianza kulikunja upya. "Hii ndiyo inakimbia," alisema. "Mimi naisindikiza tu."

Wasikilizaji wapendwa, ili mwelewe blanketi hilo, lazima turudi nyuma. Turudi hadi Januari ya mwaka wa elfu moja mia tisa tisini na nane, baada ya zile mvua kubwa ambazo kila mtu mzima wa Ukambani anazikumbuka.

Marehemu Ndeti na mimi tulilala bweni moja kwa miaka minne. Shule yetu ilitufunza mambo ambayo vijana wa leo huyaita ya kizamani. Kutandika kitanda kabla ya kengele. Kurudisha kitu cha mtu kikiwa safi kuliko ulivyokichukua. Kutotoa sababu pale unapotakiwa kutoa jibu. Ndeti aliyachukua mambo hayo, akayapeleka darasani, na akayapeleka nyumbani kwa mkewe.

Mwaka huo alikuwa amepelekwa kufundisha hesabu ng'ambo ya Athi, katika kijiji kilicho nyuma ya uwanda wa Yatta, upande wa Kitui. Mbinya alikwenda naye. Walikuwa bado hawajapata mtoto. Januari hiyo Ndeti aliugua kidole tumbo. Barabara ilikuwa imekatika. Hapakuwa na gari, hapakuwa na simu, na hospitali iliyokuwa na daktari wa kupasua ilikuwa Kibwezi, ng'ambo ya mto uliofurika.

Wanaume wa kijiji walimlaza kwenye kitanda cha kamba wakakibeba mabegani. Mgonjwa alikuwa akitetemeka. Mama mmoja wa kijiji, jina lake Mutindi, aliingia nyumbani kwake, akatoa blanketi kwenye kitanda chake mwenyewe, akamfunika. Mwanawe, Munyao, wakati huo kijana, alishika mguu wa mbele wa kitanda. Walipanda Yatta. Walishuka Yatta. Mtoni walingoja maji yapungue, kisha wakavuka wameshikana, kitanda kikiwa juu ya vichwa, katika mto wenye mamba. Walitembea mchana wote, na siku ya pili walitembea tena, hadi wakamfikisha.

Ndeti alipasuliwa akapona. Aliishi miaka mingine kumi na minane. Bintiye, Kathini, alizaliwa baada ya safari hiyo, na hata leo hujitambulisha kwa utani kuwa yeye ni mtoto wa baada ya blanketi.

Lakini blanketi lilibaki Kibwezi. Wale wanaume waliondoka kabla mgonjwa hajaamka. Ndeti akapewa uhamisho kuja shule ya upande huu. Mwaka ukapita, na mwingine. Kila baridi ya Julai ilipokuja, Ndeti alilitazama lile blanketi kitandani na kumwambia mkewe, "Blanketi ya watu hiyo." Aliendelea kusema hivyo hadi alipofariki.

Basi Mbinya alibaki na shamba la pilipili na matikiti kando ya mfereji, na blanketi la watu. Ukimsalimia, alijibu kwa namna moja tu. "Nimechoka, lakini niko." Kanisani alijibu hivyo. Shambani alijibu hivyo. Hata mimi, kila nilipompigia simu ya Krismasi, alinijibu hivyo. Hakuwa analalamika. Alikuwa anatoa taarifa.

Siku moja alikwenda katika duka la Njogu kununua mbegu. Njogu huuza mbegu, dawa za mimea na chakula cha kuku karibu na barabara kuu. Wazazi wake walitoka upande wa Nyeri, lakini yeye alizaliwa hapa hapa Kibwezi, na Kikamba chake hakina doa.

"Njogu, hizo mbio nimesikia redioni, mtu mzee anaruhusiwa?"

"Mzee gani, Mama Kathini?"

"Mimi."

Njogu anasema aliweka chini mfuko wa mbegu. Alimuuliza sababu, naye akamwambia habari ya blanketi, kuanzia kitanda hadi mto.

"Lakini siku hizi kuna lami," Njogu alimwambia. "Gari ya Mutomo inapita hapa kila asubuhi. Peana blanketi kwa kondakta. Saa nne imefika."

"Walimbeba Ndeti kwa miguu. Sasa mimi niirudishe kama gunia ya sukuma wiki?"

"Basi tembea. Kwani lazima ukimbie?"

"Na ndovu nitawaambia nini?"

Hapo mama alikuwa amefikiri kumshinda. Njia ya zamani, ile waliyompitishia Ndeti, haipitwi tena na mtu peke yake. Ndovu hutoka mbugani wakashuka hadi mtoni. Ni siku moja tu katika mwaka ambapo njia ile huwekwa alama, ikalindwa na walinzi wa wanyamapori, na ikawa na watu kila mahali. Ni siku ya mbio. Mbinya hakutaka medali. Alitaka njia.

Ila siku ya mbio ina masharti yake. Sharti kubwa lilikuwa la darajani. Asiyefika daraja la Athi kabla ya saa sita mchana huondolewa na kupandishwa lori. Na akipandishwa lori, blanketi nalo limepandishwa lori. Hilo ndilo lililomtia hofu. Miezi yote ya kujiandaa ilikuwa ni kwa ajili ya daraja lile.

Alianza Machi. Alikimbia asubuhi kabla ya kwenda shambani, kando ya reli, kuelekea upande wa Kambu. Siku za mwanzo watu walisimamisha baiskeli.

"Mama Kathini, nani anakukimbiza?"

"Deni," aliwajibu, akapita.

Viatu alivinunua soko la Emali, katika marundo ya mitumba. Viatu vya kiume, imara, vyenye jina la mtu mwingine limeandikwa ndani kwa kalamu. Njogu alikuwa amemwonya avichague vikubwa kidogo, maana miguu huvimba. Akina mama wa kanisani walipoviona walimuuliza kama amepata mchumba. Akawaambia mchumba ameacha viatu akatoroka.

Alichoka, wasikilizaji wapendwa. Sitaki mtu afikiri kwamba alipaa kama ndege. Kathini, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi huko Emali, alikuwa akija nyumbani kila Jumamosi na kumkuta mamake ameketi na miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, amelala akiwa ameketi. Kucha za vidole zilikuwa nyeusi. Presha yake ilipimwa, na daktari akamruhusu, kwa sharti kwamba asijisukume mlimani.

"Nilimwambia, 'Mwaitu, acha,'" Kathini anakumbuka. Mwaitu, kwa Kikamba, ni mama yangu. "Nikamwambia, 'Baba hayupo. Hakuna mtu anakudai.' Akaniambia, 'Ndiyo maana. Wakinidai ningebishana nao.'"

Sasa tuje kwenye begi. Mimi ni mtu wa sanduku la bati. Bwenini, sanduku lilipangwa kwa utaratibu na lilikaguliwa mbele ya kitanda, na mpaka leo siwezi kuona mzigo uliofungwa ovyo nikatulia. Kwa hiyo Njogu aliponieleza jinsi begi la Mbinya lilivyopangwa, nilimsikiliza kwa makini.

Walilipanga dukani, juu ya mizani ya kupimia chakula cha kuku. Begi lenyewe lilikuwa la Njogu. Waliweka vitu vya lazima kwanza. Kisha maji. Kisha blanketi. Sindano ya mizani ikaruka, na Njogu akashika kichwa.

"Mama, kilo tisa! Vijana wangu wanabeba nne!"

"Toa kitu."

"Toa blanketi!"

"Nimesema kitu."

Ikatoka sweta ya pili. Ikatoka Agano Jipya, ambalo alilitoa kwa mkono wake mwenyewe akisema maneno yenyewe anayo kichwani. Vikatoka viazi vitamu, nusu yake. Njogu alimpa vile vipakiti vya sukari nzito ambavyo wakimbiaji hufyonza njiani. Alionja kimoja, akakunja uso, akauliza kama duka limeanza kuuza gundi. Akabaki na ndizi, asali katika chupa ndogo, chumvi, na ukwaju wa kumumunya. Alitoa chakula chake ili blanketi lipate nafasi.

Mabega yalipomuuma, alijaribu mukwa, ule mkanda wa ngozi ambao mama zetu huuweka kwenye paji la uso wakibebea kuni. Alifikiri shingo yake inajua kazi hiyo tangu usichana. Hakufika mbali. Alirudi ameshika shingo. "Mukwa ni wa kutembea," alikiri. "Ukikimbia unakunyonga." Akarudi kwenye mabega.

Kisha zikaja zawadi. Mbinya alikuwa mwanachama wa kikundi cha mwethya, yaani akina mama wanaolimiana mashamba kwa zamu. Walikuwa wamesikia. Na kwetu, wasikilizaji wapendwa, kitu cha kuazima hakirudi kitupu. Ukirudisha kyondo, yaani kikapu, unaweka chochote ndani. Kwa hiyo, wiki ya mbio, walianza kufika mmoja mmoja. Huyu na mbaazi. Yule na pojo. Mwingine na mahindi ya mbegu, gorogoro nzima, ule mkebe wa kilo mbili. Hakuna hata mmoja ambaye angeweza kukataliwa.

Njogu alipoziona zawadi hizo alikaa chini kwenye gunia la chakula cha kuku. Mbinya alichukua soksi moja ya marehemu mumewe. Akatia konzi moja ya kila mbegu, akaifunga fundo. Zilizobaki akazirudisha kwa wenyewe, nyumba kwa nyumba, akieleza. Siku nzima ilikwisha kwa kueleza.

Na sasa nifike kwenye kosa. Lilikuwa kosa la adabu, na ni kosa ambalo Ndeti mwenyewe angelifanya. Nami pia.

Alhamisi, siku mbili kabla ya mbio, Mbinya alilifua blanketi.

Alilifua kwa sabuni ya mche, kando ya mfereji, akalikanyaga kwa miguu, akalisuuza mpaka maji yakawa meupe. Alitaka Mutindi alipate safi. Akalitandaza kwenye ua. Jua halikutoka Alhamisi. Halikutoka Ijumaa. Ijumaa jioni manyunyu yakaanza, na sufu nzito ya namna ile haikauki kwa upepo.

"Tuliigeuza juu ya jiko kama chapati," Kathini anasema. "Upande mmoja ukiwa moto, wa pili bado maji."

Njogu aliliweka kwenye mizani. Akatazama sindano. Akamtazama mama.

"Umeifua?"

"Nimeifua."

"Mama Kathini. Miezi minne tunatoa mpaka Biblia. Halafu unaenda kuifua?"

"Ningempelekea Mutindi vumbi ya miaka ishirini na sita?"

 Blanketi lilikuwa limekaribia kuwa zito maradufu. Likafungwa hivyo hivyo katika mfuko wa nailoni, likatiwa begini, na ndivyo lilivyofika kwenye meza ya Ben, saa kumi na moja na nusu alfajiri, tarehe kumi na tatu Julai.

Saa kumi na mbili wakaondoka. Vijana walipotea mbele mara moja. Mbinya alibaki nyuma na watu wachache, kisha akabaki na mmoja, kisha akabaki na begi. Maji ya blanketi yalipenya mfuko, yakamtiririka mgongoni. Hakusimama kula. Alikula akitembea. Alisema baadaye kwamba alihesabu miti ya mbele, akijiahidi kupumzika chini ya ule unaofuata, na kila alipoufikia aliuahirisha.

Darajani, Ben alikuwa amefika kwa pikipiki, ameshika saa na bendera. Saa sita ilikuwa inakaribia. Wasimamizi walikuwa wameanza kuwasha lori. Ben alimwona akishuka kwenye udongo mwekundu, akiwa ameinamia mbele kama mtu anayesukuma mkokoteni.

"Mama ya blanketi!" alipaza sauti. "Kuja! Kuja! Bado dakika!"

Alipita mbele ya bendera. Ben akamuuliza kama anaweza kuendelea. Kanuni ilimtaka aulize.

"Nimechoka," Mbinya alisema, "lakini niko."

Akavuka Athi.

Uwanda wa Yatta aliupanda kwa kutembea, mkono mmoja kwenye goti. Saa tisa alasiri alikuwa ng'ambo. Alama za mbio zilielekea kulia. Yeye alipinda kushoto, akaingia kijijini. Mambo yaliyotokea humo nimeyapata kwa Munyao mwenyewe, yule aliyeshika mguu wa kitanda, ambaye sasa ana mvi.

Mutindi alikuwa ameketi nje ya jiko lake akichambua mbaazi. Ni susu sasa, nyanya wa wajukuu wengi. Mbinya alisimama mbele yake, amevaa namba kifuani, anahema.

"Susu, ni mimi. Bibi ya mwalimu Ndeti."

"Mwalimu wa kitanda?"

"Huyo."

"Alipona?"

"Alipona. Tukapata mtoto."

"Vizuri." Susu alirudi kwenye mbaazi zake. "Na mbona unaniambia ukiwa umesimama?"

Mbinya alitazama saa. Bado angeweza kufika Ikutha kabla ya mstari wa kumalizia kufungwa. "Niko kwa mashindano, susu."

"Unashindana na nani?"

"Na saa."

"Basi rudi siku ambayo haikufukuzi. Kitu yangu hairudishwi na mtu amesimama mlangoni kama askari."

Wasikilizaji wapendwa, hapo ndipo mbio za Mbinya zilipokwisha. Aliketi. Alivua vile viatu vya mtu mwingine. Akaletewa muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa, akala sahani mbili. Wakazungumza juu ya Ndeti, juu ya mvua ile, juu ya waliokufa miongoni mwa wabebaji. Walinzi wa mwisho walipita juu ya kijiji, kijia kikabaki kitupu. Ndipo alipofungua begi, akatoa blanketi, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Susu alilipokea magotini. Alilipapasa. Akasimamisha mkono.

"Hii imelowa."

"Niliifua, susu. Nilitaka uipate safi."

"Safi ni nzuri. Lakini mbichi hivi nitaiweka wapi? Jua liko wapi? Inataka kuoza kwa nyumba yangu." Akalisukuma lirudi. "Nenda nayo uanike. Ikikauka, tutaifuata sisi wenyewe."

"Susu! Nimeibeba kutoka Kibwezi! Kwa miguu!"

"Na bwana yako tulimbeba kwenda Kibwezi kwa miguu. Njia tunaijua."

Munyao anasema mamake alicheka mpaka mbaazi zikamwagika. Soksi ya mbegu aliipokea. Blanketi alilikataa.

Sitawaambia kwamba Mbinya alimaliza mbio. Hakumaliza. Jina lake halimo katika waliomaliza, na halipaswi kuwamo. Lori la wasimamizi lilimchukua barabarani jioni, pamoja na vijana watatu walioshindwa njiani. Walikuwa wamejifunika zile karatasi za kung'aa, meno yanagongana. Mbinya alilitandaza blanketi lake lenye unyevu juu ya magoti ya wote. Walipofika Kibwezi, zile karatasi zilikuwa sakafuni mwa lori.

Alikasirika kwa wiki nzima. Kathini anasema alikuwa akifagia, anasimama, anasema, "Eti mbichi!" kisha anacheka peke yake. Agosti jua lilitoka. Alilianika mpaka likawa kama ubao. Akalikunja, akalirudisha katika begi, akaliweka kando ya mlango. Njogu hakuomba begi lake.

Simu zikawa zinavuka mto. "Imekauka?" "Imekauka kitambo." "Basi tunakuja." Kisha mvua za Novemba. Kisha miguu ya susu ikakataa kutembea. Kisha palizi, na mavuno, na uchovu wa kila siku ambao haumpi mtu nafasi. Begi likabaki mlangoni.

Februari mwaka huu, asubuhi ya jua, Mbinya alikuwa akifungulia maji mistari ya pilipili. Kathini alikuwa nyumbani. Alimwona mamake ameketi kando ya mfereji, akamfuata.

"Akaniambia, 'Nimechoka,'" Kathini anasema. "Nikangoja amalizie. Nimezoea kusikia 'lakini niko.' Nikangoja. Hakusema."

Moyo ulikuwa umesimama.

Wasikilizaji wapendwa, kituo hiki kinatoa pole kwa Kathini, kwa ukoo wote wa Ndeti, kwa akina mama wa mwethya, kwa kanisa lake, na kwa Njogu na wakimbiaji wa Kibwezi. Mungu awape nguvu ya kuamka kesho na kufungulia pilipili maji, maana pilipili haingoji matanga yaishe.

Nanyi mlio majumbani, nina jambo moja la kuwaomba. Usiku huu, kila mmoja atazame ndani ya nyumba yake. Kipo kitu cha watu humo. Pengine ni jembe, pengine ni sufuria, pengine ni neno la shukrani ambalo hukulisema kwa wakati. Usijiambie kwamba wenyewe wamesahau. Hiyo ni sababu tu, na wewe umetakiwa kutoa jibu. Kianike kikauke. Kisha uende, na ukifika, uketi.

Nimalize na kilichotokea Ijumaa, kaburini.

Udongo ulikuwa umekwisha kurudishwa. Mchungaji alikuwa anatafuta maneno ya kufunga. Wanaume watano wakaingia kwa lango la shamba, vumbi jekundu likiwa limewafika magotini. Walitoka kwao Alhamisi. Walinzi wa wanyamapori waliwasindikiza hadi mtoni, na kuanzia hapo walitembea wenyewe. Mbele yao alikuwa Munyao.

Alivua kofia. Alitoa pole kwa mfiwa. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida, "Tumekuja pia kuchukua blanketi yetu."

Watu waliguna. Mzee mmoja wa kanisa aliyesimama karibu nami alisema, "Si leo, ndugu yangu."

"Mama amesema leo," Munyao alijibu. "Alimwahidi marehemu."

 Kathini aliingia nyumbani, akatoka na lile begi la mbio, akapiga magoti, akalifungua. Akatoa blanketi la kijivu lenye mistari miwili myekundu, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Munyao alilikunjua lote. Alipitisha kiganja upande mmoja, akaligeuza, akapitisha upande wa pili, pembe hadi pembe, bila haraka, huku sisi sote tukitazama.

"Imekauka," alisema.

Akalikunja, akaliweka begani.

"Tumeipokea. Hatuwadai kitu."